Butoni Ine za Gari ya Masika

Siku ya kwanza ya juma, jumatatu, 12 novembre 2012

Mimi Cirimwami. Miaka makumi saba na moja. Nilipita vita ya mamersenere, wale waaskari wa kukodiwa, kule Bukavu, nikiwa kijana. Nilipita volkano mbili, ya 77 na ya 2002. Nilipita kolera ya 94, wakati watu walikuwa wanalala kando ya barabara na hawaamuki tena. Nilipita vita ya 96, ya 98, na zingine ambazo hazikupewa hata namba. Nilizika bibi wawili na munganga mumoja aliyenikataza pombe ya kasiksi. Niko hai. Meno ya chini iko yote.

Hii kaye, hili daftari, Athanasie, binti yangu, alinipa niandike kazi za garage. Yeye ni mwalimu, anasema mutu asiyeandika anasahau. Mimi sisahau. Lakini kaye iko, biki iko, basi. Mimi masomo iliishia mwaka wa tatu wa primaire, padri akanifukuza. Hakuna mutu wa kusoma hapa, nitaandika vile napenda.

Leo Masika aliniletea gari yake. Masika ni mama wa Butembo, mujane, anatoa samaki Vitshumbi na watu Rutshuru, analeta hapa mujini. Gari ni Hiace nyeupe, ya zamani, ilitoka Dubai, volant, ule usukani, iko kuume. Kwa hiyo mulango wa kusukuma uko kushoto, na huku kwetu unafungukia katikati ya barabara — uso kwa uso na kila jambazi. Mwezi wa tisa watu wa bunduki waliuvuta ule mulango njiani, gari ikienda polepole kwa mashimo. Walichukua samaki yote. Guylain, dereva wake, walimupiga kitako cha bunduki mpaka leo sikio moja halisikie muzuri.

Masika anataka centralisation ifanye kazi: dereva aguse swichi moja, milango yote ine ijifunge. Gari ilikuja nayo, lakini vimoteri vya ndani ya milango vilikufa. Garage tatu zimeshindwa. Nikamwambia, mama, ungeanzia huku.

Siku ya pili, 13 novembre

Kutwa nzima kwa milango. Unatoa garniture, kile kifuniko cha ndani, unatoa plastiki, unakuta kimoteri kimeshikwa na visi mbili, na chuma chembamba kinachosukuma serrure, ile kufuli ya mulango. Kitu kidogo, kama kidole gumba! Ndani yake magurudumu ya plastiki yenye meno. Vya Masika vilikula maji ya samaki, chumvi, na vumbi nyeusi ya volkano. Hakuna moteri ilizaliwa kwa kula hivyo vitatu pamoja.

Garage zingine wanasema kimoteri hakifunguliwi, utupe, utafute kingine. Mimi napasha kisu kwa makaa, napita nacho kwa mushono polepole, kinafunguka kama ganda la maharagi. Nikapangusa. Nikapiga msasa. Gurudumu moja lilikuwa bila meno, nikatoa lingine kwa gari ya padri iliyokufa zamani. Grese kidogo, kole ya kubandika, kwisha. Nikapima kwa batri: waya hivi, tak, inafunga. Geuza waya, tak, inafungua. Mulango wa nyuma ulikuwa mukaidi — wenzake wakijifunga, wenyewe unajifungua. Mutu mwingine angelia. Mimi niligeuza waya mbili.

Saa kumi, swichi moja, milango ine, sauti moja. TAK.

Mama Élisabeth alikuwa anapita na beseni ya kabichi. Ni bibi, muke wa jirani yangu Birindwa, analima Kibumba, anauzisha hapa Majengo. Alisimama. Nikamufanyia mara tatu aone. Akasema:

— Papa Cirimwami, siku moja utafunga na mulango wa mbinguni, na wewe mwenyewe utabakia inje.

Nilicheka. Kabichi zake nzuri, mudomo wake mubaya.

Siku ya tatu, 14 novembre

Leo niliongeza akili yangu mwenyewe. Kila mulango uko na butoni — ile kitu ndogo imesimama kando ya kioo, unaivuta juu mulango unafunguka, unaisukuma chini unafungika, na kishikio cha ndani hakifungue tena. Sasa jambazi anavunja kioo, anaingiza mukono, anavuta butoni. Centralisation yako imefaa nini? Mafundi wote wa route ya Rutshuru wanajua: wanatoa butoni za nyuma, wanaacha ya dereva. Mimi sifanyi nusu. Nilitoa zote ine.

Na tundu ya ufunguo ya mulango wa nyuma, nikaitoa, nikafunika na tole, kipande cha bati. Madirisha ya nyuma nikayapiga grillage ya nondo, nikachomelea kwa soudure. Grillage ingine katikati, mgongoni kwa dereva, kwa sababu kuna majambazi wanapanda kama abiria. Ikabaki tundu moja tu ya ufunguo, kwa mulango wa dereva, upande wa inje.

Nikaingia nyuma, nikamwambia Athanasie afunge. Nilisukuma. Nilipiga teke mbili. Hakuna! Gereza letu la hapa haliko na nguvu hivi.

Athanasie akauliza, na moto wa batri ukikatika? Nikamwambia ile batri nimeifunga mimi. Akauliza tena, mutu wa ndani atatokea wapi. Nikamwambia aende kusahihisha madaftari yake.

Masika alikuja saa tisa. Sauti aliipenda. Butoni hapana. Alizunguka gari, akatia kidole kwa kila tundu, akanisimamia mbele:

— Papa, rudisha butoni. Humu wanapanda watu.

Nikamwambia zilivunjika wakati wa kuzitoa. Ni uongo. Hazina hata alama. Ziko katika kopo la maziwa juu ya kabati. Ningezirudisha kwa dakika kumi. Lakini mama wa samaki kunifundisha serrure, mimi, miaka makumi tano katika kazi!

Siku ya ine, 15 novembre

Mizinga ya waasi, upande wa Kibumba, tangu asubuhi. Athanasie anafunga vitu katika kitenge. Mimi najua bomu kwa sikio. Hizi hazituhusu bado.

Siku ya tano, 16 novembre

Kimya. Masika alichukua gari, Guylain kwa volant. Mama Élisabeth amepanda Kibumba na lori la asubuhi kukata kabichi zake kabla ya waaskari kuzila. Birindwa alimukataza. Hakusikia. Kwa mambo ya kutosikia tunafanana, mimi na ule mama.

Siku ya posho, jumamosi, 17 novembre

Zinatuhusu.

Tangu alfajiri watu wanashuka. Barabara imejaa — magodoro, mbuzi, wagonjwa kwenye chukudu, zile piki za mbao za kusukuma. Mutu mumoja amebeba mulango wa nyumba yake kichwani. Mulango peke yake.

Birindwa alikuja mbio. Bibi yake amebaki Kibumba, telefone haipiti. Masika alikubali Guylain apande kumutafuta. Nilimushika Birindwa begani nikamwambia alale usingizi: katika ile gari hakuna mutu atamugusa. Nilisema hivyo. Mbele ya Guylain. Guylain akapiga swichi, TAK, akaenda.

Siku ya yenga, jumapili, 18 novembre

Mabomu yako karibu na uwanja wa ndege. Naandika kwa magoti, mesa inacheza.

Jana saa sita Guylain aliingia hapa kwa miguu. Kiatu kimoja. Ufunguo wa gari mukononi, ameukamata mpaka umemukata. Akasema:

— Papa, milango inakataa. Wako ndani.

Nilichukua sakosi yangu ya vyombo vya kazi. Athanasie alinishika shati, nikamuachia shati. Tulipanda kinyume na watu wote wa dunia. Wanatusukuma, wanatutukana, muzee unaenda wapi, umerogwa. Piki moja ya kijana aliyekuwa anatafuta ndugu zake ilitubeba kipande. Kipande kingine miguu. Guylain alikuwa ananielezea kwa kuhema.

Alimukuta mama Élisabeth barabarani, na kabichi zake tatu. Alikubali kuziacha mbili. Akapakia na wengine, watu munane kwa jumla, wote nyuma. Kiti cha mbele kilijaa mizigo. Karibu na Kanyaruchinya watu wa bunduki, wao pia wanakimbia vita, wanataka gari. Mumoja akashika ule mulango wa kushoto. Guylain akapiga swichi. TAK. Wakavuta. Wakapiga na vitako. Haukufunguka hata kidogo — kazi yangu! Basi wakarudi nyuma hatua tatu na wakapiga risasi kwa mulango. Risasi sita, saba. Bomu likaanguka katika shamba pale kando, wakatawanyika.

Risasi moja ilipita chini ya kiti, ikakata waya munene wa batri. Gari ikazima. Vimoteri vikafa vyote ine pamoja.

Guylain alishusha kioo chake, akatoa mukono inje, akafungua na ufunguo. Akatoka. Akazunguka kwa wengine — hakuna butoni, hakuna tundu. Walipiga na mawe, yeye kutoka inje, wao kutoka ndani. Vioo vilimwagika, grillage ikabaki. Soudure yangu haitoki. Telefone hakuna. Akajua mutu mumoja tu anayejua ile milango. Akakimbia kunileta. Na ufunguo mukononi, hata hakujua anao.

Nilifika. Kwanza niliona mikono. Imetoka katika grillage mpaka kwenye kiwiko, pande zote mbili, inapunga. Halafu damu, inatoka chini kwa reli ya mulango, inaingia katika mawe meusi, haionekani tena. Wananiita papa, papa. Mama Élisabeth alikuwa amelala kando ya mulango wa kushoto, risasi kwa paja. Mwenzake amemufunga na kitenge, kitenge kimejaa. Aliniona. Hakusema mambo ya mbinguni. Alisema:

— Papa, fungua.

Kuvunja serrure kwa inje, nusu saa. Kutafuta waya, labda dakika kumi. Niliingia chini ya kiti. Waya ulikuwa mugumu, nilimenya na meno, hapo ndipo jino moja la chini limetoka. Bomu lingine lilianguka, udongo uliniingia masikioni. Nilifunga ncha mbili, nikazungushia kipande cha shati ya Guylain. Swichi.

TAK. Milango ine, sauti moja.

Watu sita walitoka wakakimbia bila kunitazama. Muzee mumoja wa Kibumba, jina simujui, alikuwa amekufa tangu zamani. Mama Élisabeth alikufa wakati mimi niko chini ya kiti. Guylain aliniambia alipumua mpaka karibu. Nilimuuliza karibu gani. Akasema karibu, papa.

Na butoni ni kidole kimoja. Hata mutoto angeivuta.

Niliendesha mimi mwenyewe mpaka nyumbani, na maiti mbili. Kabichi ilikuwa inazunguka nyuma kila kona.

Siku ya kwanza ya juma, 19 novembre

Tulimuzika mama Élisabeth mbio, chini ya bunduki. Mawe ya volkano, shimo halikufika kiunoni. Muzee wa Kibumba tulimuweka naye kando yake, hakuna ndugu.

Kule makaburini mumoja wa wale sita alikuwa anaelezea watu. Alisema: dereva alitufungia ndani, akatoka peke yake, akakimbia na ufunguo. Na yote ni kweli! Birindwa alisikia. Alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye najua gari.

Nilikuwa nashika pauro. Niliendelea kutia udongo.

Siku ya pili, 20 novembre

Waasi wameingia. Saa tano walipita barabarani kwa musururu, buti za plastiki, wanyamavu. Wale waliokuwa wanatulinda walitoka jana kwa upande wa Sake. Gereza liko wazi, wafungwa wanatembea katika mutaa na nguo za watu. Polisi hakuna. Maji hakuna, umeme hakuna.

Niliosha gari na maji ya ziwa, ndoo tisa. Chini ya reli bado inatoka.

Siku ya ine, 22 novembre

Vijana wa avenue, wa mutaa wetu, wanamutafuta Guylain. Sasa wanaongeza: alikuwa amepatana na wale wenye bunduki, alifunga watu ili wapigwe. Kila siku wanaongeza. Jana walichoma mwizi pale rond-point, penye barabara zinakutana, na tairi, mbele ya watoto. Hakuna aliyeuliza kama ni yeye kweli.

Masika alikuja. Amekonda. Hakukaa. Alisema Guylain amelala siku ine katika depot yake ya samaki chini ya nyavu, bila kula. Halafu alitazama milango, butoni zisizokuwa, akanitazama. Nilisubiri aseme. Hakusema. Afazali angesema.

Birindwa alikuja jioni kabla jua kushuka. Ananiheshimu, ananiita muzee, alikaa chini kwa jiwe, mimi kwa kiti.

— Muzee, wewe uliniambia hakuna mutu atamugusa. Kwa nini mulango haukufunguka?

Nilimujibu mambo ya waya wa batri. Nilieleza muzuri, na mukono, waya hivi, risasi hivi. Alisikiliza yote. Akauliza sasa waya ukikatika, gari zingine watu wanatokaje? Nikasema gari ni aina mingi.

Athanasie alikuwa mulangoni na sufuria. Aliingia ndani. Hakutoa chakula.

Siku ya posho, jumamosi, 24 novembre

Asubuhi. Nitaandika mbio.

Guylain ametoroka depot, vijana walimuona, walimufuata kwa mawe tangu mutaa wa Virunga. Aliruka ukuta wangu. Uso hauko uso. Jicho moja halionekane. Hakuenda nyumba ya mama yake, hakuenda paroisse kwa mapadri. Alikuja kwangu, anasema, papa, wewe unajua.

Nilimusukuma katika gari. Swichi, TAK. Nikatoa fusible, kile kidude kinachopitisha umeme wa vimoteri, nikaiweka mudomoni. Ndipo portail, lango la garage, ilianguka.

Waliingia watu makumi tatu, zaidi. Ninawajua wote, wengine nilitengeneza piki zao. Walivunja vioo vilivyobaki. Walitia mikono katika grillage wakapata nywele zake, nywele tu. Walivuta milango mpaka gari ikaanza kucheza. Walipiga serrure na barre ya chuma. Haitoki. Guylain amejilaza chini katikati, pale pale mama Élisabeth alilala, amefunika kichwa. Mumoja alinipiga jiwe hapa kwa kifua ili nitoe ufunguo. Nilimeza mate na fusible nusura ipite. Nilimwambia babu yako alinipiga zaidi ya hivyo na nilimuzika.

Na nilifurahi. Naandika ukweli — nilifurahi. Dakika moja nzima nilitazama ile milango ikishikilia nikasema moyoni, Cirimwami, nani mwingine.

Halafu mumoja akasema, kama haitoki, ichomwe naye ndani. Wengine wakaacha kuvuta milango, kwa sababu ni wazo nzuri. Wawili wamekwenda kutafuta esanse, ile petroli, na tairi.

Henri, chef wa avenue, mukubwa wa mutaa, alifika bila viatu. Yeye peke yake aliweza kusimama kati yao na gari. Aliwaambia hawa watu wawili walikufa katika gari iliyofungwa, na aliyeifunga atajulikana leo, lakini mutu mwenye kujua milango aseme kwanza. Akanigeukia. Akasema nivae shati, nisitoke kifua wazi kama mulevi, nitoke niseme mbele ya watu wote na mbele ya Birindwa. Amewaomba wangoje hapo tu, mpaka nivae.

Birindwa yuko karibu na mulango wa kushoto. Hajatupa jiwe. Ameshika moja.

Niliingia nyumbani. Athanasie ameshatoa kopo la maziwa juu ya kabati, ameliweka mesani, kando ya shati. Anafunga vifungo vyangu sasa, mukono wa kushoto, kwa sababu wa kuume unaandika. Vidole vyake baridi.

Nikitoka na kusema, Guylain atatoka katika ile gari na mimi nitaingia mahali pake kuchomwa, ndani ya gari au bila gari. Nikinyamaza, najua namna ya kunyamaza, nimefanya siku saba. Harufu ya esanse imeshafika hapa.

Biki inaisha. Kama watabadilisha maneno yangu baadaye, wanaojua ni hawa. Masika: aliniambia mbele ya gari nirudishe, nikamudanganya. Athanasie: aliniuliza mara mbili, mambo ya batri na mambo ya kutoka. Guylain, kama atabaki. Wale sita wa Kibumba wanajua walitafuta nini na vidole kando ya kioo na hawakukipata. Na butoni zenyewe, ine, nimezitia katika mufuko wa shati. Hazikuvunjika. Mutu yeyote azijaribu kwa milango, zinaingia.